Mizani Inapoonyesha 0 Badala ya 8

Mama mmoja alileta maziwa yake kituoni, kilo 18 kama alivyoyapima nyumbani. Mizani ya dijitali ikasema 10. Karani naye, si aliandika alichokiona! Mabishano yalikuwa makubwa, na wengine walianza kusema karani ni mwizi. Kumbe mwizi alikuwa kijiti kimoja cha taa.

Hebu tuangalie. Kila tarakimu ina vijiti 7 vya taa za LED. 8 huwasha vyote 7. Kijiti cha katikati kikifa, 8 inakuwa 0. Kikifa kile cha juu kulia, 8 inakuwa 6. Kikifa cha chini kushoto, inasomeka 9. Mashine yenyewe imepima sawasawa, ila kinachoonekana ni uongo. Kwa hiyo, wakulima, simameni karibu mizani inapowashwa asubuhi. Nyingi huonyesha tarakimu zote kwanza kabla ya kutulia kwenye sufuri. Hapo ndipo mtaona kijiti kilichokufa.

Msiifungue wenyewe. Mizani ya biashara ina muhuri wa serikali, na ikitengenezwa ni lazima ikaguliwe upya. Ile yetu ilikwenda kwa fundi mwenye leseni, nasi tukakaa kando yake tujifunze. Alituuliza swali moja tu: kijiti kimekufa kwenye tarakimu moja au zote? Katika mizani nyingi tarakimu huwashwa kwa zamu, upesi kuliko jicho linavyoweza kuona, na vijiti vya mahali pamoja hutumia waya mmoja. Kikifa katika tarakimu zote, tafuta kwenye waya huo, rizista yake au chipu inayouendesha. Tarakimu nzima ikizimika, shuku transista yake. Yetu ilikuwa kijiti kimoja, tarakimu moja: lehemu ilikuwa imepasuka. Kazi ya dakika kumi.

Tuliporudi tulitaka kuwafundisha vijana kwa kuunda saa yetu wenyewe ya tarakimu 4, isiyo na mambo ya zamu. Hapo tukapata aibu yetu. Ili kuokoa pesa tulitia rizista moja ya omu 330 kwenye mguu wa pamoja wa kila tarakimu. 1 iliwaka vizuri, lakini 8 ilififia kama mshumaa unaokwisha. Sababu ni hii: umeme wetu ni volti 5, LED nyekundu huchukua karibu 2, zinabaki 3. Gawanya 3 kwa 330, unapata kama miliampea 9. Vijiti 2 vya 1 vinagawana hizo 9, lakini vijiti 7 vya 8 kila kimoja kinapata 1 na kidogo tu. Dawa ni rizista moja kwa kila kijiti. Ndiyo, ni rizista 28. Hakuna njia ya mkato.

Tukabadilisha, taa zikang'aa, furaha tele. Halafu saa ikaanza kujirudisha sufuri yenyewe. Vijana wakalaumu chipu, tukanunua nyingine, bado. Mwishowe tukafanya hesabu ambayo tungeifanya mwanzo. 11:11 ina vijiti 8, miliampea 72. Lakini tukijaribu 88:88 ni vijiti 28, karibu miliampea 252, na adapta yetu ilikuwa imeandikwa 150. Volti zilianguka, chipu ikasahau hesabu. Mita ilikuwa imetudanganya kwa sababu tulipima adapta ikiwa haina mzigo, na hapo ilisoma 5 safi. Pima taa zote zikiwa zimewaka.

Ukitumia betri ya volti 12 na chipu ya 7805 kushusha hadi 5, zile volti 7 za ziada zinageuka joto: kwa miliampea 252 ni karibu wati 1.8. Ifunge kwenye kipande cha bati la alumini, la sivyo itakuchoma kidole, kisha itajizima.