Kamera ya Kupigia Ukumbini: Pima Lenzi Kabla ya Bodi

Ukiingia duka la kamera pale Kariakoo na kuulizia mirrorless, muuzaji atataka kwanza kujua bajeti yako. Usimjibu haraka. Jiulize kwanza: kazi ngumu kuliko zote nitakayoipiga kwa kamera hii ni ipi? Kwa wapiga picha wengi jibu ni send-off au harusi ya usiku. Ukumbi una taa za rangi, bi harusi anaingia akicheza, na wewe umezuiwa kumsogelea. Kamera itakayoiweza kazi hiyo, kipaimara cha saa nne asubuhi hakiisumbui.

Hesabu ya megapikseli iweke kando. Kamera nyingi za daraja hili zina megapikseli 24 au zaidi, na hizo zinatosha albamu na bango la ukutani. Ugomvi wote uko kwenye mwanga.

Sasa tulinganishe seti mbili. Ya kwanza ni Sony a7 III, sensa ya full frame, ikiwa na lenzi inayouzwa nayo, 28-70mm f/3.5-5.6. Ya pili ni Sony a6400, sensa ndogo ya APS-C, ikiwa na Sigma 18-50mm f/2.8. Zote mbili zina megapikseli 24. Watu wengi watakimbilia ya kwanza kwa sababu ya neno full frame.

Vuta zumu hadi mwisho. Sensa ya APS-C ya Sony hukata picha mara 1.5, kwa hiyo 50mm ya Sigma inaonekana kama 75mm. Upana wa picha unakuwa karibu sawa. Lakini lenzi ya a7 III sasa imejibana hadi f/5.6, na Sigma bado iko f/2.8. Hizo ni stopu mbili, yaani mwanga mara nne. Sigma ikikupa ISO 1600, mwenzake atahitaji ISO 6400 kwa shata ileile. Faida ya sensa kubwa ni stopu moja na kidogo tu. Ndani ya ukumbi, seti ya "kamera ndogo" inatoka mbele.

Simaanishi ukanunue a6400. Ninachosema ni kwamba ukiitaka a7 III, ichukue bodi tupu, kisha pesa ya lenzi inayouzwa nayo weka kwenye Tamron 28-75mm f/2.8. Na kama mfuko hauruhusu vyote viwili, shuka bodi, usishuke lenzi.

Kabla hujachagua kampuni, tazama maunti yake, ile pete ya chuma ambako lenzi inafungwa. Hiyo ndiyo ndoa yenyewe. Bodi utabadilisha baada ya miaka michache, lenzi utabaki nazo. Sony E ipo tangu 2010, kwa hiyo Sigma, Tamron na wengine wameitengenezea lenzi nyingi, na za mtumba hazikosekani. Canon RF na Nikon Z zilikuja 2018. Canon RF ilikaa muda mrefu bila lenzi za Sigma wala Tamron. Zilipoingia mwaka 2024 zilianza na za APS-C. Ukitaka Canon ya full frame, piga hesabu ya lenzi za Canon zenyewe kabla hujafurahia bei ya bodi.

Kuna njia ya mkato kwa mwenye lenzi za zamani. Kama kabati lako lina lenzi za Canon EF, nunua bodi ya RF na adapta ya Canon. Zinafanya kazi vizuri mno, picha na video. Lenzi hizohizo ukizifunga kwenye Sony kwa adapta kama Sigma MC-11, picha utapiga, lakini fokasi ya kufuatilia mtu kwenye video usiitegemee.

Chunga pia mota ya lenzi. Sony FE 50mm f/1.8 ni nyepesi, bei yake inavutia, na picha zake ni nzuri. Ila fokasi yake ni ya polepole na inanguruma. Kwa picha za mtu aliyetulia sina neno. Kwa video ya mahojiano, maikrofoni ya kamera itaunasa mlio huo.

Tukija kwenye video, a6400 na a7 III zinatofautiana mahali ambapo matangazo hayakuonyeshi. a7 III hukata kurekodi ikifika kama dakika 29, na baba wa bi harusi akianza nasaha hatatazama saa yako. a6400 haina kikomo hicho. Upande wa pili, a7 III ina kizuia mtikisiko ndani ya bodi na nafasi mbili za kadi. a6400 haina kizuia mtikisiko na ina nafasi moja tu. Kwa kipimo cha watengenezaji, betri ya a7 III hupiga picha kama 710 ukitumia skrini, ya a6400 kama 410. Kazi ya kulipwa, tena isiyorudiwa, mimi ningeipiga na kamera ya kadi mbili. Hotuba ndefu dawa yake ni kubonyeza upya wakati watu wanapiga makofi.

Kizuia mtikisiko kisikudanganye, lakini. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Bi harusi akizunguka, kinachokuokoa ni shata ya kasi, na shata ya kasi inataka lenzi yenye mwanga. Tumerudi kulekule.

Ukishajua seti mbili au tatu unazozitaka, nenda dukani na kadi yako mwenyewe. Acha kupiga picha ya boksi mezani. Kila kamera inaipatia. Fanya hivi badala yake.

Fungua lenzi hadi mwisho wa namba yake ndogo, washa fokasi ya macho, kisha mwombe muuzaji aje kwako kutoka mlangoni kwa mwendo wa kawaida. Piga mfululizo. Mwache apite tena akiwa ameinamia simu, halafu akiwa na mtu mbele yake. Nyumbani, kuza picha kwenye kompyuta uhesabu ngapi zimekamata jicho na ngapi zimekamata shati. Kwa a7 III, kagua kwanza toleo la programu yake: toleo la 3.0 la mwaka 2019 liliboresha sana fokasi ya macho, na bodi nyingi za mtumba bado zina la zamani.

Jaribio la pili ni la taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo weka kamera kwenye PAL, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Rekodi ukielekea taa za LED za dukani. Kisha weka 1/60 ulinganishe. Mistari inayopanda na kushuka ndiyo ile inayoharibu video za kumbini, na mara nyingi mwenye kamera aliiacha kwenye NTSC kama ilivyotoka kwenye boksi. Ukiona mistari hata kwenye 1/50 na 1/100, taa hizo ni mbovu, kamera usiilaumu.

La tatu: rekodi 4K huku ukigeuka haraka kushoto na kulia mbele ya nguzo au fremu ya mlango. Nguzo ikilala upande, sensa inasoma picha polepole. a6400 ina udhaifu huu waziwazi. Kama kazi zako ni mahojiano kwenye tripodi, haikuhusu. Kama unakimbia na kamera mkononi, inakuhusu sana.

Gharama ya kadi iingize kwenye bei. Kamera zote mbili hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ni GB 45 kwa saa. Kadi ya GB 64 inaisha ndani ya dakika 80 na ushei. Chukua kadi yenye alama V30, tena zaidi ya moja, na betri ya ziada. Begi zuri litasubiri.

Kwa kamera mtumba, beba tochi. Toa lenzi, ifungue tundu, imulike kwa nyuma na uchungulie kwa mbele ukiigeuza taratibu. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni kuvu. Pwani yetu na unyevu wake, kuanzia Tanga hadi Mtwara, huzalisha kuvu kwenye lenzi zinazolala ndani ya begi. Vumbi kidogo lisikutishe. Kuvu, mrudishie mwenyewe hata kama bei ni ya kutupa.

Fungua na menyu. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani pekee, na hakuna mahali pa kubadili lugha. Muuzaji akikwambia fundi ataiweka Kiingereza, mwambie aiweke kwanza, utarudi kesho.

Vyote vikikupendeza, hakikisha namba ya bodi na ya lenzi zimeandikwa kwenye risiti, pamoja na siku ulizokubaliwa kurudisha. Halafu kabla siku hizo hazijaisha, tafuta shughuli ya jirani usiku, upige bure, ukitumia kamera hiyo tu.