Moshi Hausubiri Amri: Somo kutoka Handaki la Mont Blanc

Wakazi wa mipakani mnaijua foleni. Malori husimama kwa saa nyingi, abiria hukaa ndani ya mabasi, nasi askari hupita tukisisitiza kila mmoja abaki katika gari lake mpaka atakapoitwa. Mazoea hayo huleta utulivu. Hata hivyo, ipo hali moja ambapo mazoea hayo hayo huua: pale moto unapowaka mbele ya foleni, mahali ambapo moshi hauna pa kutokea. Katika somo hili tunatazama jinsi binadamu anavyotenda moshi unapomkuta ndani ya handaki la barabara.

Yaliyotokea katika mpaka wa Ufaransa na Italia

Handaki la Mont Blanc, lenye urefu wa kilomita 11.6, hupita chini ya milima ya Alps na kuziunganisha Ufaransa na Italia. Lilifunguliwa mwaka 1965. Tarehe 24 Machi 1999, lori lililobeba majarini na unga liliingia kutoka upande wa Ufaransa, likaanza kutoa moshi, kisha likasimama karibu na katikati ya handaki. Dereva wake aliliacha mara moja, akakimbilia upande wa Italia, akaokoka. Magari yaliyokuwa nyuma yake yalijipanga katika foleni. Moto huo uliwaka kwa saa 53, na watu 39 wakapoteza maisha.

Wengi wetu huamini kwamba katika janga la namna hii watu hufa kwa taharuki na kukanyagana. Mont Blanc inaonyesha jambo jingine. Kati ya waliokufa, 27 walikutwa ndani ya magari yao wenyewe, 2 ndani ya magari ya watu wengine, na 9 tu nje ya magari. Aliyesalia katika hesabu hiyo alikuwa askari wa zimamoto. Wengi wao, basi, hawakufa kwa kukimbia ovyo. Walifia pale pale walipokuwa wameketi.

Wenye mamlaka nao walikuwa na sehemu yao ya lawama. Kila nchi ilikuwa na chumba chake cha kuongoza handaki. Mitambo ya upande wa Italia iliachwa ikisukuma hewa ndani badala ya kuvuta moshi, na moshi ukazidi kusukumwa kuelekea kwa waliokwama upande wa Ufaransa. Handaki lilipofunguliwa tena mwaka 2002, nchi hizo mbili zililiweka chini ya uongozi mmoja wa pamoja.

Kwa nini mtu hubaki?

Sababu ya kwanza ni kwamba gari huonekana kuwa nyumba. Lina milango, vioo na kiti, na humo mna mzigo, nyaraka na fedha za watu. Kuliacha ni kama kuitupa riziki.

Sababu ya pili ni kutazamana. Mimi nakuangalia wewe, nawe waniangalia mimi. Kwa kuwa hakuna anayetoka, sote twaamini kuwa hakuna hatari. Nchini Uholanzi, watafiti waliwaalika madereva kupita katika handaki bila kuwaeleza litakalotokea. Lori lilisimama mbele yao, likatoa moshi. Wengi waliendelea kuketi kwa dakika kadhaa wakitazama tu. Kipaza sauti kilipowaamuru watoke, ndipo walipoanza kutoka, na wa kwanza waliposhuka wengine wakawafuata.

Sababu ya tatu ni kuudharau moshi. Mwanzoni moshi wa moto hupanda darini, na hewa ya chini huonekana safi. Kadiri unavyosafiri mbali na moto hupoa, hushuka, na kuijaza barabara. Tena ndani yake mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hulegeza akili kabla mtu hajatambua. Anayesubiri mpaka aone hatari huenda akakosa nguvu za kuikimbia.

Linalopaswa kutendwa

Mwaka 2001, tarehe 24 Oktoba, malori mawili yaligongana na kuwaka moto katika handaki la Gotthard nchini Uswisi. Watu 11 walikufa. Hata hivyo, handaki hilo lilikuwa na njia ya usalama pembeni yake, na wengi walioyaacha magari yao na kuingia katika milango ya dharura waliokoka.

Basi, uonapo moto au moshi mbele yako katika handaki, simama mbali na gari la mbele, zima injini, uache ufunguo ndani. Toka mara moja pamoja na wote ulionao. Usirudi kuchukua mzigo. Gonga vioo vya jirani zako na uwaite watoke. Tembea ukiupa moto kisogo, ukishika ukuta kwa mkono, ukiinama moshi uwapo mzito, mpaka mlango wa dharura wa kwanza. Kutoa taarifa kwa simu kufanyike ukiwa unatoka au umekwisha kufika mahali salama.

Kwetu mipakani

Huenda wengi wetu hatutapita Mont Blanc maishani mwetu. Lakini basi lililofungwa madirisha, ghala la bidhaa na soko lenye mlango mmoja ni mahandaki pia moshi unapoingia. Nasi polisi tunalichukua somo hili kwa upande wetu: tuliowazoesha watu kusubiri tunawajibika kuwa wa kwanza kusema “tokeni”, tena kwa lugha zinazoeleweka pande zote mbili za mpaka. Na iwapo hatujafika, msitusubiri. Husemwa kwamba ajali haina kinga. Lakini vifo vinavyofuata ajali mara nyingi vina kinga, nayo ni mtu mmoja anayethubutu kufungua mlango wake kwanza.

Maswali ya kujadiliana kijijini

1. Katika soko letu, mlango wa pili wa kutokea uko wapi, na je, hufunguka?
2. Ni nani atakayewasaidia wazee, wagonjwa na watoto kutoka?
3. Moto ukitokea mpakani, majirani wa ng’ambo watapataje habari?