Bafu la Lushoto

Swali: Tunaishi Dar es Salaam, ila tuna nyumba ya mapumziko Lushoto. Tunakwenda huko Pasaka na Desemba tu. Tukifungua bafu, harufu ya choo hutupokea mlangoni, na kuta zimeota kuvu. Nibomoe lote?

Jibu: Usibomoe kwanza, dada. Mara nyingi harufu hiyo hutokana na ukavu. Bomba lililopinda chini ya sinki, na lile la sakafuni, hushika maji yanayozuia hewa ya shimo la choo. Nyumba ikifungwa miezi, maji hayo hukauka. Siku ya kuondoka mimina humo maji, kisha kijiko cha mafuta ya kula juu yake.

Kuvu ndiyo yenye kazi. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo kuna baridi: mvuke wa maji moto hugusa ukuta wa baridi ukawa matone. Toboa tundu la hewa karibu na dari, lenye wavu, lisifungwe kamwe. Kisha gonga marumaru za ukutani kwa sarafu. Zinazolia utupu zing'olewe, na lipu ipakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya kubandika mpya. Fundi akisema groti ya kujazia mianya peke yake inatosha, tafuta mwingine.