Wastani Pekee Hautoshi: Somo la Takwimu kwa Mwanafunzi wa Ushairi

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huingia chuo kikuu wakiamini kwamba waliagana na hisabati katika mtihani wa kidato cha nne. Imani hiyo huvunjika wanapofika kwenye kozi ya mbinu za utafiti na kukutana tena na wastani, sampuli na asilimia. Aghalabu wao hukariri kanuni ili wapite mtihani, kisha huzisahau. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba takwimu ni chombo cha mhakiki, na kwamba asiyeielewa anaweza kutoa hukumu potovu kuhusu shairi. Dhana mbili zitashughulikiwa: wastani na mtawanyiko.

Hisabati katika Uwanja wa Fasihi

Uhusiano wa taaluma hizi mbili si jambo geni. Mnamo 1913, mwanahisabati Mrusi Andrei Markov alichunguza herufi 20,000 za utungo wa Pushkin uitwao Eugene Onegin. Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba uwezekano wa herufi fulani kutokea hutegemea herufi iliyoitangulia. Dhana yake ya minyororo, ambayo leo hufundishwa katika idara za hisabati, ilijaribiwa kwa shairi. Aidha, mnamo 1964, Mosteller na Wallace walichapisha utafiti kuhusu makala 12 za kisiasa za Marekani ambazo uandishi wake ulikuwa na utata baina ya Hamilton na Madison. Kwa kuhesabu maneno madogo madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kuwaza, walihitimisha kuwa zilielekea mno kuwa za Madison.

Ushairi wa Kiswahili nao umejengwa juu ya hesabu. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, aliipa mizani nafasi muhimu. Mnamo 1974, Kezilahabi alichapisha diwani ya Kichomi, na mjadala baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ukapamba moto. Sehemu ya mjadala huo ilihusu jambo linalohesabika: je, mishororo ya shairi ni lazima ilingane kwa mizani? Mtafiti anayetaka kuchangia suala hili kwa ushahidi hana budi kuhesabu. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuhesabu kwa Kigezo Kimoja

Kabla ya kukokotoa chochote, mtafiti aamue namna ya kuhesabu mizani na asibadilishe kigezo katikati ya kazi. Neno "mtu" lina mizani 2, yaani m-tu, kwa kuwa m hapo ni silabi kamili. Neno "mbuzi" pia lina mizani 2, yaani mbu-zi, lakini hapo m si silabi peke yake. Neno "mlango" lina mizani 3: m-la-ngo. Anayelihesabu kuwa na mizani 2 ameingiza kosa katika data, na hakuna kanuni ya takwimu itakayoligundua kwa niaba yake.

Mfano

Tuchukue ubeti wa utenzi wenye mishororo minne, kila mmoja ukiwa na mizani 8. Jumla ni 32, na ikigawanywa kwa 4, wastani ni 8. Sasa tuchukue ubeti wa shairi huru wenye mishororo ya mizani 3, 6, 9 na 14. Jumla ni 32, na wastani ni 8 vilevile. Mtafiti anayeripoti wastani pekee atadai kuwa beti hizi zina urari mmoja, ilhali sikio la msomaji yeyote litakataa.

Kinachozitofautisha ni mtawanyiko, yaani kiasi ambacho kila mshororo unaepukana na wastani. Katika ubeti wa pili, tofauti ni -5, -2, 1 na 6. Zikijumlishwa jinsi zilivyo, jumla ni sifuri, kwa hivyo hazitufaidi. Tukizipandisha kwa kipeo cha pili tunapata 25, 4, 1 na 36, jumla 66. Tukigawanya kwa 4 tunapata 16.5, na kipeuo chake cha pili ni 4.06 hivi. Hiki ndicho kipimo kiitwacho mkengeuko sanifu. Kwa ubeti wa utenzi, kipimo hicho ni 0.

Hapa pana jambo linalowakanganya wanafunzi wengi. Ikiwa ubeti huo ndio shairi zima, tunagawanya kwa 4. Iwapo mishororo hiyo ni sampuli iliyoteuliwa kutoka diwani nzima, na lengo ni kukadiria mtawanyiko wa diwani hiyo, tunagawanya kwa 3. Sababu ni kwamba wastani umetokana na sampuli iyo hiyo, hivyo tofauti huelekea kuonekana ndogo kuliko zilivyo. Tukigawanya 66 kwa 3 tunapata 22, na kipeuo chake cha pili ni 4.69 hivi.

Mipaka ya Takwimu

Ni muhimu kusisitiza kwamba mkengeuko mkubwa si ushahidi wa ubovu, wala mkengeuko wa 0 si ushahidi wa ubora. Takwimu humwonyesha mhakiki mahali pa kutazama. Kwa nini mshororo mmoja una mizani 3 pekee? Je, ufupi wake unabeba mshtuko, kimya au amri? Swali hilo hujibiwa kwa kusoma shairi, na kikokotoo hakiwezi kulijibu.

Hitimisho na Zoezi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeelewa wastani na mtawanyiko ataweza kuitetea hoja yake mbele ya jopo la watahini, na vilevile kuitilia shaka takwimu ya mwingine. Kwa zoezi, chukua ubeti wa utenzi ambao mishororo yake imehesabiwa kuwa na mizani 7, 8, 8 na 9. Wastani ni 8, na mkengeuko sanifu wa ubeti huo ni 0.71 hivi. Kabla ya kumlaumu mtunzi kwa kuvunja arudhi, hesabu upya kila m na kila n.