Somo la usalama: Msumeno wa mashine uwashwe chini, si hewani



Leo tujifunze kuwasha msumeno wa mashine, ule ambao wengi wetu tunauita tronsoneze. Machimboni tunakatia nguzo za kushikilia udongo shimoni. Hapa Uvira, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, watu wanapasulia mbao. Tena mvua kubwa ikija, kama ile ya Aprili 2020 Mto Mulongwe ulipofurika, kila mtu anataka kusaidia kufungua njia, na haraka inakuwa nyingi. Watu wanafikiri hatari inaanza mnyororo unapogusa mti. Sivyo. Inaanza unapovuta kamba.

Asubuhi moja tuliletewa dispanseri kijana mmoja, amebebwa na wenzake. Alikuwa hajakata hata tawi moja. Aliinua mashine kwa mkono mmoja, akaitupa chini huku akivuta kamba kwa mkono wa pili, jinsi alivyoona wakubwa wakifanya. Motere iliwaka, mashine ikayumba, mnyororo ukamkata juu ya goti la kushoto. Alipona, lakini alikaa miezi mitatu bila kazi, na jamaa yake yote iliumia pamoja naye.

Kwa nini mnyororo ulizunguka mara moja? Motere baridi inawashwa gesi ikiwa imefunguliwa kidogo. Kama breki haikushika, motere ikiwaka tu mnyororo nao unakimbia. Gesi ikijaa, unapita karibu meta 20 kwa sekunde moja. Mkono mmoja hauwezi kuuzuia.

Basi fuata hatua hizi:

1. Vaa viatu vigumu, suruali isiyolegea, miwani na vizibo vya masikio. Suruali ya kazi hii ina nyuzi ndani zinazonasa mnyororo na kuusimamisha.

2. Tia esanse motere ikiwa imezimwa na kupoa. Usivute sigara. Panguza iliyomwagika, kisha usogee meta 3 au zaidi kabla ya kuwasha.

3. Weka mashine chini, mahali sawa. Mnyororo usiguse kitu. Watoto na wasaidizi wakae mbali.

4. Sukuma mbele kinga ya mkono mpaka usikie inashika. Hiyo ndiyo breki ya mnyororo.

5. Mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele, kidole gumba kikizunguka chini yake. Ncha ya kiatu cha kulia ikanyage ndani ya mpini wa nyuma.

6. Kwa mkono wa kulia vuta kamba polepole mpaka iwe ngumu, ndipo uvute kwa nguvu. Usiizungushe mkononi. Usiiachilie ghafula, irudishe taratibu.

7. Motere ikiwaka, gusa gesi mara moja ili itulie. Shika mashine kwa mikono miwili, ndipo ulegeze breki. Usipogusa gesi, mnyororo unapaswa kusimama. Kama unazunguka, zima mashine, umpelekee fundi.

Jambo lingine: usiwashe shimoni wala ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha. Katika moshi wa motere mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaua mtu bila yeye kujua.

Na kama mtu amekatwa? Zima mashine. Mlaze chini. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila mara kutazama. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usitie majani, udongo wala mafuta ya motere. Damu ya mguu au mkono ikikataa kabisa kusimama, kaza kitambaa kipana juu ya kidonda, si kwenye kiungo, uandike saa uliyokaza. Mpeleke hospitali upesi. Huko ataangaliwa pia kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Mama, mume au kijana wako akitoka na mashine, muulize: “Breki inashika?” Kapita naye aulize vilevile. Kuweka mashine chini na kukaza breki ni kazi ya nusu dakika. Mguu uliokatwa unachukua miezi, na pengine haurudi kama zamani.