Nani Ndiye Kelele? Mikrofoni mbili za simu na hadithi tunazorekodi

Wengi wetu tunaosoma lugha za Kiafrika tunarekodi kwa simu, kwa sababu kinasa sauti kizuri ni ghali. Hofu inayosikika zaidi ni juu ya toni: je, simu haitaharibu tofauti ya Kilingala kati ya *moto* (mtu) na *motó* (kichwa)? Naona hofu hiyo imezidi kipimo. Laini ya zamani ya simu ilipitisha hezi 300 hadi 3400 tu, yaani ilikata hata msingi wa sauti ya mwanamume, ambao mara nyingi uko kati ya hezi 100 na 150. Watu walielewana vilevile, maana sikio hutambua kimo cha sauti kutokana na mawimbi ya juu yanayobaki. Hatari iko kwingine.

Simu nyingi zina mikrofoni mbili au zaidi: moja chini, karibu na mdomo, nyingine juu au mgongoni. Waliozipanga hivyo walitegemea umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Mdomo ukiwa sentimita 4 kutoka mikrofoni ya chini na 16 kutoka ya juu, tofauti ni desibeli 12. Jenereta iliyo mita 10 nje ya dirisha hufika kwenye zote mbili kwa nguvu karibu sawa. Basi kinachosikika zaidi chini huhesabiwa kuwa usemi. Kinacholingana ni kelele, nacho hupunguzwa.

Kwa kupiga simu, huo ni ubunifu mzuri sana. Lakini hadithi ina watu wengi. Wanaoitikia, wanaocheka na wanaopokea wimbo wameketi mita mbili kutoka simu iliyo mbele ya msimulizi. Kwa kifaa kinachofuata kanuni hiyo, hawana tofauti na jenereta. Mwitikio unafifia, nasi tunaandika kwamba msimulizi alinyamaza kidogo! Hata mguno mrefu wa "mmm" umo hatarini, kwa kuwa programu hizi huchukulia sauti isiyobadilika kuwa kelele.

Tangu toleo la 7.0, Android inaruhusu programu kuomba sauti ghafi, kama simu yenyewe inakubali. Tafuta chaguo hilo, na kelele ya jenereta uishughulikie baadaye kwenye kompyuta. Kabla ya kikao fanya jaribio: mwenzako akae mita mbili, mhesabu kwa zamu hadi 10, kisha sikiliza kwa visikizi. Namba zake zikikatika au kumezwa, tafuta simu nyingine.