Hariri, Kitani na Swali la Mama wa Jumuiya



Likizo iliyopita tulitumwa, mafrateri watatu, kufanya utume katika parokia moja ya kijijini. Shemasi mzaliwa wa parokia hiyo anatarajia kupewa Daraja Takatifu ya Upadre, na tulipofika kamati ya maandalizi ilikuwa imekwisha kugawa bahasha za michango kwenye jumuiya ndogondogo. Katika orodha ya mahitaji, chini ya ng'ombe na maturubai, palikuwa na mstari ulioandikwa "kasula ya hariri", na kiasi kilichoandikwa mbele yake kilizidi bei ya ng'ombe. Baada ya sala ya jumuiya mama mmoja mzee, ambaye mahindi yake yalikaukia shambani mwaka huo, alituvuta kando. "Frateri, hiyo hariri ni lazima? Bila hariri Misa ya mtoto wetu haitakuwa Misa?"

Tulimjibu kwamba si lazima. Jibu lilikuwa sahihi, lakini tulilitoa kwa haraka, kama watu wanaotaka kuondoka, na njiani tukakiri kwamba hata sisi hatukujua hariri ni nini hasa na ilifikaje altareni. Makala hii ni jibu refu ambalo mama yule alistahili.

Tuanze na mdudu. Hariri ni mate ya kiwavi. Nondo wa hariri hutaga mayai, vikaangua viwavi vidogo vinavyokula majani ya mforosadi usiku na mchana kwa muda wa karibu mwezi mzima. Kisha kiwavi hujifunga ndani ya kifuko anachokisokota mwenyewe kwa uzi mmoja usiokatika, ambao unaweza kufika mita mia tisa na hata zaidi. Akiachwa atoke, atakitoboa kifuko na uzi utakatika vipande. Kwa hiyo mfugaji huviweka vifuko kwenye mvuke au maji ya moto, mdudu akafia humo, gundi ikalainika, na uzi ukaanza kufunguliwa. Uzi mmoja ni mwembamba mno kufumia, hivyo huunganishwa kadhaa pamoja. Kilo moja ya hariri hula maelfu ya vifuko. Nondo huyu amefugwa muda mrefu kiasi kwamba leo hawezi tena kuruka. Bila binadamu hana maisha, na kwa binadamu ndiko anakofia.

Wachina walikuwa na kazi hii maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Wagiriki walifahamu hariri ya mwituni tu: Aristotle, ambaye sisi wanafalsafa tunakutana naye kila asubuhi kwa mambo mengine, anamtaja katika kitabu chake juu ya wanyama mwanamke wa kisiwa cha Kos aitwaye Pamphile, aliyesifika kuwa wa kwanza kufuma nyuzi za vifuko vya wadudu. Hariri ya China ilipofika Roma kwa mikono ya wafanyabiashara wengi, kila mmoja akiongeza faida yake, ilikuwa tayari ni fahari na ugomvi. Mwaka 16 baada ya Kristo, chini ya Kaisari Tiberius, Baraza la Wazee liliamua kwamba wanaume wasivae hariri.

Na bei yake? Mwaka 301 Kaisari Diocletian alitangaza bei za juu kabisa zinazoruhusiwa katika dola yake. Kibarua wa shambani: dinari 25 kwa siku, pamoja na chakula. Hariri nyeupe: dinari 12,000 kwa ratili ya Kirumi, yaani takriban theluthi moja ya kilo. Gawanya mwenyewe. Ni siku 480 za jembe. Hariri iliyotiwa rangi ya zambarau ilifika dinari 150,000, sawa na siku 6,000. Tulipoona hesabu hiyo ubaoni tuliuelewa vizuri zaidi mlango wa 18 wa Kitabu cha Ufunuo, mahali pekee katika Agano Jipya panapotajwa hariri. Wafanyabiashara wanaulilia mji wa Babeli kwa sababu hakuna tena wa kununua bidhaa zao, na orodha ya bidhaa inaanza na dhahabu, inapita kwenye kitani, zambarau na hariri, inashuka hadi ng'ombe na kondoo, na mwisho kabisa wanatajwa binadamu. Wamewekwa mwishoni mwa orodha, baada ya farasi na magari.

Siri ya Wachina ilifika Konstantinopoli mnamo mwaka 552, na walioileta walikuwa wamonaki. Procopius, mwandishi wa historia wa wakati huo, anasimulia jinsi walivyomwahidi Kaisari Justinian kumletea mayai ya mdudu huyo, wakaenda, wakayaleta. Wasimulizi wa baadaye wanaongeza kwamba mayai yalifichwa ndani ya fimbo yenye uwazi. Darasani tulibishana kama huo ulikuwa wizi au la; kengele ya chakula ikatuamua. Tangu hapo hariri ilifumwa katika karakana za kaisari, na sehemu yake ikaingia kanisani: mapazia, vitambaa vya kufunikia masalia ya watakatifu, mavazi ya ibada. Nguo nyingi za kale zimepona hadi leo kwa sababu tu zilifunikwa pamoja na mifupa ya watakatifu, na si zote zilitoka kwa Wakristo. Kule Apt, Ufaransa, kitambaa kilichoheshimiwa kwa karne nyingi kama shela ya Mtakatifu Anna kina maandishi ya Kiarabu yenye jina la Khalifa al-Musta'li. Kilifumwa Damietta, Misri, mwaka 1096 au 1097, kwa kitani kilichopambwa kwa hariri na dhahabu.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake katika habari hii. Neno lenyewe, hariri, tumelipata kwa Waarabu (tunaomba mhariri wa jarida hili asidhani tunamsema yeye). Padre Monclaro, Mjesuiti aliyepita pwani hii karibu na mwaka 1570, aliandika juu ya vitambaa vya hariri vya Pate, ambavyo Wareno walivinunua na kuviuza kwa faida katika miji mingine, kwa maana havikufumwa kwingine. Wafumaji hao walikuwa Waislamu, ambao dini yao inawakataza wanaume kuvaa hariri tupu.

Sasa turudi altareni, maana ndipo swali la mama lilipo. Kitabu cha Mapapa, Liber Pontificalis, kinasema kwamba Papa Silvesta, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 314 hadi 335, aliagiza sadaka ya altare isiadhimishwe juu ya hariri wala juu ya kitambaa kilichotiwa rangi, bali juu ya kitani tu, kitokacho ardhini, kwa sababu Mwili wa Bwana ulizikwa katika sanda ya kitani. Tulisoma mstari huo mara mbili. Padre anaweza kuvaa hariri, nguzo zinaweza kuvikwa hariri, lakini chini kabisa, pale Mwili wa Kristo unapolazwa, kinatandikwa kitambaa cha mmea wa shambani, kile kile ambacho Yosefu wa Arimathaya alikinunua. Kwa karne nyingi mapokeo ya korporale yamekaa hapo.

Mtakatifu Yohane Krisostomo alilisema jambo hili kwa ukali zaidi. Alipokuwa bado padre wa Antiokia, katika mahubiri yake ya 50 juu ya Injili ya Mathayo, aliwaonya waamini wasimheshimu Kristo kanisani kwa nguo za hariri huku wakimwacha nje akitetemeka kwa baridi, hana nguo. Hoja yake ni nyepesi na haina mlango wa kutokea: aliyesema kwamba huu ni Mwili wake ndiye aliyesema pia kwamba tulimwona na njaa. Lakini tusimtumie vibaya. Krisostomo hakuzuia kupamba altare; alidai mwenye njaa ashibishwe kwanza, kisha meza ipambwe kwa kinachobaki.

Mwenzetu mmoja hakuridhika. Alitukumbusha Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 169: ubaya haumo katika nguo, umo katika matumizi yasiyo na kiasi, na wahudumu wa altare huvaa mavazi ya thamani kuonyesha ukuu wa ibada ya Mungu, si utukufu wao. Ni kweli. Tunasema tu kwamba Thoma anazungumza juu ya anayevaa. Mama yule alikuwa anauliza juu ya anayelipa.

Juu ya wanaolipa tulipata somo katika mji wa Lyon, Ufaransa, uliokuwa makao makuu ya hariri Ulaya. Katika karne ya 19 wafumaji wake walifanya kazi kwa saa nyingi na malipo madogo, na Novemba 1831 waliasi wakidai kiwango cha chini cha malipo kiheshimiwe. Katika mji huo mwaka 1799 alizaliwa Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri, aliyekua akivaa vilivyo bora vya duka la baba yake. Akiwa bado kijana aliguswa na mahubiri, akaacha mapambo, akavaa kama wanawake wa viwandani. Kisha akawakusanya wafanyakazi hao katika makundi ya watu kumi kumi, kila mtu atoe sou moja, sarafu ndogo kabisa, kila wiki, pamoja na sala, kwa ajili ya misioni. Mwenye kuona jumuiya zetu humo anaona vizuri. Tarehe 3 Mei 1822 kazi hiyo ikawa Shirika la Uenezaji wa Imani, ambalo mwaka 1922 lilifanywa la Kipapa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868 walitegemea kwa sehemu sarafu za namna hiyo. Pauline mwenyewe alikufa maskini kabisa mwaka 1862, akatangazwa Mwenyeheri huko Lyon tarehe 22 Mei 2022. Walioshika hariri kutwa nzima bila kuweza kuivaa ndio waliotulipia Injili.

Na sheria ya leo? Zamani kanuni zilidai kasula iwe ya hariri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 124, unataka uzuri wenye hadhi kuliko anasa tupu, na unataja mavazi matakatifu waziwazi. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma, namba 343 na 344, yanaruhusu vitambaa vya asili vya kila mahali, na hata vya kiwandani, vinavyolingana na heshima ya ibada, kwa uamuzi wa Baraza la Maaskofu; na yanasema uzuri wa vazi utokane na kitambaa na mshono wake, si wingi wa mapambo.

Tulifanya pia jaribio dogo, kwa ruhusa ya padre mlezi. Sakristia yetu ina kasula inayong'aa ambayo sote huiita "ile ya hariri". Tulichomoa uzi mmoja ndani ya pindo tukauchoma. Hariri ya kweli ikiungua hunuka kama nywele, na jivu lake husagika vidoleni. Uzi wetu uliyeyuka, ukaacha tone jeusi gumu: poliesta. Tukachoma uzi wa kasula iliyofifia ya enzi za wamisionari, ambayo hakuna anayeichagua. Chumba kizima kikanuka nywele. Kwa hiyo, wanakamati, kabla ya kulipa bei inayozidi ng'ombe, ombeni uzi na kiberiti.

Maoni yetu tumeyaandika kwa mwenyekiti wa kamati: mwenye uwezo akitaka kumzawadia padre mpya kasula ya hariri, apokelewe kwa furaha, lakini mstari ule utoke kwenye bahasha za jumuiya. Kamati haijajibu. Mama yule amejibu, kupitia simu ya mjukuu wake. Anauliza kama kitani kinapatikana mjini, maana mkono wake bado unaweza sindano. Mama, korporale huwa ya mraba, sentimita 50 kwa 50 inatosha. Pindo liwe jembamba na bapa, lisishike chembe. Ikipigwa pasi hukunjwa mara tatu kwa tatu, kuelekea ndani, ibaki na miraba tisa.